Mwenye Nyoka Si Mwizi Wala Mchawi

Katika kijitabu kama hiki mmezoea kusoma juu ya mahari, juu ya majina tunayowapa watoto, juu ya ngoma za wakati wa mavuno. Sisi tumechagua nyoka. Tunajua kuna mama atakayeruka kurasa hizi haraka, na kuna baba atakayesema: "Mwalimu naye, amekosa mambo ya kuandika?" Hatujakosa. Tulinyamaza miaka mingi, na wakati tuliponyamaza wengine waliongea kwa nafasi yetu, tena waliongea vibaya.

Tukisema "sisi" tunataka kusema walimu wachache wa biolojia wa Butembo na wa Beni, pamoja na watu tunaofanya nao kazi: wale wanaoshika nyoka kwa mikono yao, wanawaweka katika vikapu na mitungi, na wanajua tabia za kila mmoja. Kuna waganga wa kienyeji kati yao. Kuna wale wanaozunguka sokoni na chatu shingoni, wakiomba faranga mbili tatu. Kuna mkulima ambaye hakutafuta kazi hii, lakini kila jirani akiona nyoka jikoni anamwita yeye. Watu hawa ni wa zamani kuliko ofisi zote za muji huu. Leo wamebanwa katikati: upande mmoja leta, upande mwingine redio.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Kulikuwa na muzee mmoja, mtu wa upande wa Semuliki, aliyehamia Butembo juu ya vita. Alikuwa na nyoka saba ao nane nyuma ya nyumba, katika masanduku ya mbao yenye wavu. Tulimpelekea wanafunzi wetu mara nyingi. Hakutoza kitu, labda sukari na sabuni. Alikuwa anawaonyesha yule mwembamba wa nyumbani anayekula panya na asiye na sumu, kisha anasema: "Batoto, huyu mukimuua, panya zitakula mahindi yenu yote." Somo kama hilo hatukulipata kwa kitabu chochote pale ISP.

Siku moja jioni, redio moja ya hapa (hatutaitaja jina) ilitangaza kwamba katika kata fulani kuna mtu ana nyoka ya kutapika dola. Ni hivyo tu. Hakuna mwandishi aliyekuwa amefika kwake. Kesho yake asubuhi vijana walikuwa wamejaa mlangoni, pamoja na motari zaidi ya ishirini, wote wakitaka kuona hizo dola. Hawakuziona. Wakavunja masanduku, wakaua nyoka wote isipokuwa wawili waliojificha chini ya mbao, na muzee akaponea kwa jirani. Tulifikiri basi, leta sasa itakuja kumlinda. Ilikuja kweli, kisha siku tatu. Afisa mmoja alifika na karatasi mkononi, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya mlango uliovunjwa. Aliuliza: "Muzee, kibali chako cha kufuga wanyama wa pori kiko wapi?"

Kwa redio alikuwa mchawi, na kwa leta mwizi wa wanyama. Hakuna aliyemwita mtu mwenye ujuzi.

Tuongee juu ya sheria kwanza. Hatuichukii. Inchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, iliingia mwaka wa 1976 katika mapatano ya dunia juu ya biashara ya wanyama na mimea ya pori, yale yanayoitwa CITES. Kisha ikaja sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, na agizo la waziri la Aprili 2004 la kuitekeleza. Mwisho ni sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa viumbe, iliyochukua nafasi ya ile ya 1969. Tumezisoma. Ndani ya maandishi ya uwindaji kuna vibali vya namna nyingi: cha mwindaji wa mchezo, cha mtalii, cha mtu wa kijijini, cha kushika wanyama kwa biashara, cha mtu wa sayansi. Muzee wetu aingie wapi? Hawindi. Hauzi. Si mtalii. Ni mtu wa sayansi kwa kichwa na kwa mikono, lakini hana diploma wala barua yenye muhuri wa chuo kikuu. Wale walioandika sheria hawakufikiri kwamba mtu kama huyu yupo, na kwa hiyo kila siku anayoishi na nyoka wake afisa yeyote anaweza kumkuta na kosa.

Na kibali chenyewe mtu anakipata namna gani? Sisi tulijaribu. Tulitaka kuweka nyoka wawili wasio na sumu katika chumba cha biolojia cha shule, wanafunzi wapate kuwachora na kuwapima. Ofisi ya kwanza ilitutuma kwa ya pili, ya pili ikatuambia tuandike Kinshasa. Kutoka Butembo mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1500 kwa ndege, na barabara mnajua wenyewe. Tuliandika. Tukangojea. Hatimaye mtu mmoja alituambia kwa sauti ya chini kwamba kwa matabishi kidogo jambo lingeweza kwisha hapahapa, bila karatasi. Sheria ya namna hiyo inalinda nyoka gani? Inalinda mfuko wa aliyeshika kalamu.

Jambo lingine: sheria zote hizo ziko kwa Kifaransa. Hatujaona mahali ambapo zimebandikwa kwa Kiswahili ao kwa Kinande, hata kipande. Lakini mkulima wa Mutwanga akikosea, anahukumiwa nazo kama vile alizisoma darasani.

Tunajua mtakachotujibu: kama kila mtu akiruhusiwa kufuga nyoka, chatu watakwisha, ngozi zao zitauzwa, watoto wataumwa. Ni kweli, hatari iko. Chatu mkubwa wa Afrika, ambaye hapa kwetu watu wanamwita boa (boa mkubwa wa kweli anaishi Amerika, lakini tuache), si paka wa nyumbani. Mwezi wa Agosti 2013, kule Campbellton inchini Canada, chatu wa namna hiyo alitoroka usiku kutoka mahali alipofungiwa, juu ya duka la wanyama, akaua watoto wawili waliokuwa wamelala. Mwenye duka alishtakiwa, na mwaka wa 2016 mahakama ikamwachia. Hatuwezi kupita juu ya habari kama hiyo kana kwamba si kitu. Ndiyo sababu hatuombi kila mtu afuge. Tunaomba anayejua aandikwe, na asiyejua akatazwe.

Tena ajabu ni hii. Chatu huyohuyo wa kwetu ana kesi yake Marekani. Mwezi wa Januari 2012 serikali ya kule ilimtia katika orodha ya wanyama wa kudhuru, pamoja na chatu wa Burma na ndugu zao wawili, ikakataza wasiingizwe wala kupelekwa kutoka jimbo moja mpaka lingine. Sababu ilikuwa Florida, ambako chatu waliotoroka ao kutupwa na wenyewe walizaana porini. Wafugaji wa kule walikasirika sana. Walisema wote wamehukumiwa juu ya makosa ya wachache, na magazeti yameandika kutisha tu. Hasira yao ni kama yetu, mnaona. Lakini wao wana chama, wana mawakili. Walishtaki serikali yao, na mwezi wa Aprili 2017 mahakama ya rufaa ya Washington ikakubali kwamba sheria ile haikatazi kusafirisha nyoka hao kati ya majimbo yale ya bara. Hatusemi kama walikuwa na haki katika yote. Mtu anayenunua chatu juu ya kupamba sebule yake hatufanani naye sana. Tunasema tu kwamba chatu wa Semuliki ana mtu wa kumtetea Washington, na mshika nyoka wa Semuliki hana wa kumtetea Beni.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Kwa Wasukuma wa Tanzania, kule Mwanza, kuna chama cha Bayeye. Hao ni washika nyoka kwa mila: mtu anaingizwa, anafundishwa dawa na namna ya kumshika mnyama, kisha anacheza naye mbele ya watu. Padri David Clement, wa Mapadri Weupe, alisaidia kuanzisha makumbusho ya Bujora, na hata leo wakati wa sikukuu ya Bulabo watu wanakuja kuona ngoma ya nyoka. Hakuna anayewavunjia milango. Kule Ouidah inchini Benin, hekalu la chatu liko mbele ya kanisa kubwa la Wakatoliki, wanatazamana, na chatu akiingia nyumba ya mtu anarudishwa kwa heshima. Kenya ina shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu, lililoanzishwa na James Ashe, na wanaoishi karibu wakiona nyoka wanapiga simu, mtu anakuja kumchukua. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2013 iliweka hata nyoka wenye sumu katika orodha ya wanyama ambao familia ya aliyeuawa iliweza kuwadai fidia. Sasa sisi, watu wa msitu na wa Ruwenzori, wenye nyoka wengi, tuna nini? Tuna swali la kibali.

Tuje kwa redio, na hapa tutaongea kwa ukali zaidi, juu redio ni za watoto wetu. Tuliwafundisha sisi wenyewe kuandika insha.

Hadithi ya nyoka anayetapika pesa si ya jana. Katika muji wa wafanyabiashara kama Butembo, mtu akijenga ghorofa haraka, majirani wanatafuta nyoka. Kule Lubumbashi wachoraji walijaza nyumba za watu na picha za mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye nyoka, na wote walielewa picha ile inaongea juu ya utajiri na bei yake. Hiyo ni hadithi, na hadithi ina heshima yake. Hatukatai ifundishwe kwa wajukuu. Lakini habari ya saa moja jioni si mahali pa hadithi. Mwezi wa Februari 2018, inchini Nigeria, mfanyakazi wa ofisi ya mitihani alisema nyoka amemeza naira milioni 36 za serikali. Watu wa kule walicheka, na wachunguzi wakauliza pesa ziko wapi. Hapa kwetu tungetafuta nyoka.

Na sasa kuna simu. Picha ya chatu wa Asia, amebebwa na watu kumi katika msitu ambao hauna hata mti mmoja wa kwetu, inazunguka na maneno: "Imeonekana Oicha asubuhi ya leo." Mwandishi anaisoma hewani bila kuuliza mtu. Angemuuliza nani? Chuo kikuu kiko hapa. Walimu wa biolojia tuko hapa, tena njaa yetu inajulikana, tungekuja kwa chupa moja ya Fanta.

Wanaweza kufanya vizuri, tuliwaona. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 ilipotangazwa Mangina mpaka Juni 2020, uvumi ulitaka kutumaliza kabla ya ugonjwa wenyewe. Redio zilialika waganga na manesi, watu wakapiga simu na kutukana, wakajibiwa polepole, siku kwa siku. Kazi ile ilikuwa nzuri. Kwa nini nyoka asipewe hata nusu saa kwa mwezi?

Mtasema: jambo lenyewe ni dogo, masanduku ya muzee mmoja. Hapana. Hapa njo tunafika kwa kiini.

Shirika la Afya la Dunia linakadiria kwamba kuumwa na nyoka kunaua watu kati ya 81 000 na 138 000 kila mwaka duniani, na wengine wengi zaidi wanakatwa viungo ao wanabaki walemavu. Mwaka wa 2017 lilitia sumu ya nyoka katika magonjwa yaliyosahauliwa. Yamesahauliwa na nani? Si na mtu wa Beni anayevuna kakao alfajiri, akipitisha mkono chini ya majani makavu. Yule vipera mkubwa wa msituni, mwenye meno yanayofika sentimeta 5, rangi yake ni majani makavu kabisa. Unaweza kusimama kando yake usimwone. Si na wale waliokimbia mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, wakitembea usiku bila taa, na kulala porini na watoto.

Na serumu? Kampuni ya Kifaransa iliyotengeneza Fav-Afrique, serumu iliyotumiwa sana juu ya nyoka wa Afrika, iliacha kuitengeneza mwaka wa 2014, na chupa za mwisho zilipitwa na wakati mwaka wa 2016. Ziko nyingine, lakini bei yake inashinda mkulima, na baadhi yake zinataka baridi ya friji mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha.

Serumu inatengenezwa namna gani? Wanafunzi wanatuuliza kila mwaka. Mtu anamshika nyoka mzima, anamkamua sumu, sumu kidogokidogo inatiwa katika farasi, farasi anajenga kinga, na kinga hiyo inatolewa katika damu yake. Mwanzo wa kazi yote ni mkono unaojua kumshika nyoka. Tena sumu haifanani. Ya vipera inavimbisha na kuharibu damu isigande. Ya kobra wa msitu na ya mamba wa kijani inasimamisha pumzi. Nesi wa kituo kidogo akijua ni nyoka gani, anajua ni kitu gani cha kutazama usiku huo, pumzi ao damu. Nani atamwambia? Yule aliyeitwa mchawi.

Hatutaki kumpamba kuliko alivyo. Waganga wetu wanakosea pia. Kufunga mguu kwa kamba kwa nguvu mpaka unaoza, kuchanja kwa wembe, kunyonya damu kwa mdomo, mambo hayo yanaumiza, na tumeyakataa mbele yao. Hata lile jiwe jeusi ambalo mapadri na masista walilieneza, la mfupa uliochomwa, waliolipima hawakuona linavuta sumu. Nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu mara nyingine anauma bila kuitoa. Mgonjwa anapona mwenyewe, sifa inakwenda kwa jiwe. Kwa hiyo dawa zao tunaziuliza maswali. Macho yao hatuyaulizi. Wanajua nyoka gani anakaa wapi, mwezi gani anatoka, anakula nini.

Wazungu waliujua ujuzi huo, wakaupeleka kwao. Gaston de Witte alikusanya nyoka na vyura katika Parki Albert, Virunga ya leo, kuanzia 1933 mpaka 1935. Mgeni hajui shimo la nyoka bila mwenyeji wa kumwonyesha. Karl Patterson Schmidt wa Chicago aliandika juu ya nyoka wa Kongo kwa kutumia wale walioletwa na safari ya Lang na Chapin ya 1909 mpaka 1915. Mwaka wa 1957 nyoka mmoja wa Afrika, yule wa mitini anayeitwa boomslang, alimuuma kidole ndani ya Chicago. Alifikiri sumu ni kidogo. Aliandika dalili zake saa kwa saa, na kesho yake akafa. Msomi yule! Muzee wetu tulipomsimulia, alitikisa kichwa: "Ule wa kwa miti hauchezeshake." Upande wa wenyeji, Chifundera Kusamba wa kituo cha Lwiro alitoa mwaka wa 1990 maandishi juu ya nyoka wa Zaire na kuuma kwao. Basi watu wa kufanya kazi hii tunao. Tunachokosa ni mlango kati ya Lwiro na masanduku ya muzee.

Sheria yenyewe ya 2014 inataja ujuzi wa asili wa wenyeji na inataka wapate sehemu yao ya faida. Maneno mazuri. Tunaomba yateremke mpaka hapa: daftari moja katika kila teritware, afisa wa mazingira na ICCN wakae na watu wanaojulikana kwa kazi hii, waandike majina yao na aina za nyoka, watazame masanduku kama yanafungwa vizuri, na waliochunguzwa wapewe karatasi ya bure. Anayesafirisha chatu mpakani Kasindi ndani ya gunia, huyo wamshike, hata sisi tutasaidia kumwonyesha. Na kabla redio haijasema neno "dola", imtume mtu aende aone kwa macho.

Muzee hayuko tena Butembo. Wale nyoka wawili waliobaki aliwapeleka mtoni usiku, akawaachia, akahama bila kuaga wengi.

Kisha miezi michache, mwanafunzi wetu mmoja alikuja shuleni na mfuko wa plastiki. Baba yake alikuwa ameumwa shambani, yuko lopitali, na nesi alitaka kujua ni nyoka gani. Tulifungua mfuko. Waliomuua walikuwa wamepiga kichwa kwa jembe mpaka kimekuwa uji, na mwili umekatwa vipande vitatu. Mtoto aliuliza: "Mwalimu, hii ni ya pumzi ao ya damu?" Tulihesabu magamba, tukatazama picha katika kitabu, tukabishana kati yetu. Mwishowe tukapiga namba ya muzee. Simu ililia mpaka ikakatika, tukapiga tena, na mtoto alikuwa bado amesimama mlangoni na mfuko wake.